Wanakula kama wavuvi, wanakaa kama matajiri

Jua likiinamia milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwalo wa Katonga, Kigoma, ndiyo kwanza kumekucha. Vijana wanashusha taa na betri ufukweni, nyavu zinapangwa ndani ya boti, mashine inavutwa mara mbili tatu mpaka ikubali. Kwenye kibanda kilicho juu kidogo ya mchanga, mama lishe anachovya kibakuli kwenye maji, anakijaza ugali wa muhogo, anakitikisa, kisha anakipindua juu ya sahani. Ugali unatoka mviringo, unang'aa. Pembeni unawekwa mgebuka mzima ulioungwa kwa mawese, na mchuzi mwekundu unasambaa mpaka ukingoni. Mtu anakula, ananawa, anapanda boti. Mlo mwingine wa maana ataupata kesho, jua likiwa limeshapanda.

Sahani hiyo haina kosa. Anayeila atakesha akivuta nyavu kwa mikono, ataloa, atapigwa na upepo wa ziwa, na atarudi alfajiri na dagaa wanaotakiwa kushushwa kabla hawajaharibika. Akimaliza msimu mzima hivyo, tumbo lake bado limeshikana na mgongo. Kosa linaanza pale sahani ileile inapopakuliwa kwa mtu ambaye haendi ziwani.

Na watu hao ni wengi. Wa kwanza ni tajiri mwenyewe. Mwaloni, tajiri si lazima awe na fedha za kutisha. Ni mwenye boti, nyavu na taa, anayewapa wenzake kazi. Wengi wa matajiri wa mwambao huu walianza wakiwa vijana wa kuvuta nyavu. Walipopata boti yao wakahamia nchi kavu, wakawa watu wa simu na daftari. Kazi ilibadilika, kibakuli cha ugali hakikubadilika. Nyuma yao wako wafanyabiashara wa dagaa ambao zamani walijitwisha mizigo kichwani na sasa wanapakia kwenye bajaji. Wako madereva wa bodaboda wanaoshinda wameketi. Wako watumishi wa ofisi za mjini wanaoshuka Katonga Jumamosi kununua samaki na kula pale pale. Wote hawa wanakula kama wavuvi na kukaa kama matajiri, halafu wanashangaa suruali inabana.

Jambo hili si la Kigoma peke yake. Utafiti wa Demografia na Afya nchini wa 2015-16 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, 28 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Miaka michache kabla, mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza ulikuta watu wazima tisa katika kila 100 wana kisukari, na robo nzima wana shinikizo la juu la damu. Zamani tuliyaita magonjwa ya wakubwa wa Dar es Salaam. Siku hizi yanapanda treni ya Reli ya Kati kama abiria wengine, yanateremka mwisho wa reli.

Ndiyo maana kwenye simu za watu wa Ujiji na Mwanga, mjini Kigoma, unakuta video za wataalamu na wasio wataalamu wakitoa dawa nyepesi: usile baada ya saa moja usiku, kula asubuhi kama mfalme na jioni kama maskini, funga kula saa kumi na sita, fungua nane. Tatizo la maneno haya ni kwamba yanazungumza kana kwamba watu wote wanalala saa nne usiku na kuamka saa kumi na mbili. Ukimwambia mvuvi wa Katonga asile baada ya saa moja usiku, umemwambia asile akiwa kazini.

Saa ya Dar, jua la Kigoma

Kabla hatujafika kwa mvuvi, kuna jambo dogo ambalo washauri wa lishe hawaligusi. Kigoma inatumia saa ya Dar es Salaam, lakini haitumii jua la Dar es Salaam. Miji hii miwili imetengana kwa karibu digrii kumi za longitudo, na kila digrii moja ni dakika nne za jua. Kwa hiyo jua la Kigoma huzama kama dakika arobaini baada ya lile la Dar. Jua la utosi, ambalo Dar hulipata mnamo saa sita na dakika ishirini na kitu, Kigoma hulipata saa saba mchana. Saa moja jioni, giza limeshatanda Kariakoo, lakini Ujiji watu bado wanatambuana sura barabarani. Ukivuka ziwa kwenda Kalemie au Uvira, au ukipanda kaskazini mpaka Bujumbura, utakuta jua ni lilelile lakini saa ya ukutani inasoma kumi na mbili jioni.

Hilo lina maana kwa mtu anayetaka kupunguza uzito, kwa sababu mwili hausomi saa ya ukutani. Unafuata mwanga. Mwaka 2017, Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuonyesha jinsi chembe hai zinavyotunza saa yao zenyewe kwa mzunguko wa mchana na usiku. Ini lina saa yake, kongosho lina saa yake. Kwa watu wengi, insulini hufanya kazi vizuri zaidi mchana, na usiku unavyozidi kuingia inazidi kulegea. Wanga uleule uliopita vizuri saa sita mchana unapandisha sukari ya damu zaidi ukiliwa saa nne usiku. Basi mkazi wa Kigoma aliyesoma mahali kwamba mwisho wa kula ni saa kumi na mbili na nusu asijitese. Kwake yeye hiyo ni alasiri. Kipimo cha busara zaidi ni kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kulala: mlo wa mwisho uishe saa mbili au tatu kabla ya kupanda kitandani, iwe kitanda hicho kinapandwa saa nne usiku au saa tatu asubuhi.

Sayansi inasemaje hasa

Je, kubadilisha saa ya kula peke yake kunapunguza uzito? Hapa inabidi twende taratibu, maana wapo waliotajirika kwa kujibu haraka.

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo kutoka mji wa Murcia, Hispania, ambako mlo mkuu ni wa mchana kama ulivyo kwa familia nyingi za kwetu. Watu 420 waliokuwa wakipunguza uzito walifuatiliwa kwa wiki 20. Waliozoea kula mlo huo baada ya saa tisa alasiri walipungua kidogo na polepole kuliko waliokula mapema, ingawa kiasi cha chakula na shughuli zao vilikaribiana. Mwaka huohuo, nchini Israel, wanawake 93 wenye uzito uliozidi walipewa kalori 1,400 kwa siku kwa wiki 12. Nusu walikula 700 asubuhi, 200 usiku na zilizobaki mchana. Nusu wengine wakageuza. Wa asubuhi walipungua wastani wa kilo 8.7, wa usiku kilo 3.6. Ukiishia hapo, utaamini kila video unayotumiwa.

Lakini usiishie hapo. Mwaka 2022 watafiti wa Guangzhou, China, walitoa matokeo ya watu 139 waliofuatiliwa mwaka mzima. Wote walipunguziwa kiasi cha chakula. Tofauti ni kwamba nusu waliruhusiwa kula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Waliobanwa saa walipungua kilo 8, wasiobanwa kilo 6.3, na tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuweza kusema kwamba saa ndiyo iliyoileta. Mwaka huohuo, Aberdeen huko Uskoti, watu 30 walipikiwa chakula kilichopimwa, wakala kingi asubuhi kwa wiki nne na kingi jioni kwa wiki nne. Uzito ulipungua sawasawa. Kilichotofautiana ni njaa: walipokula kingi asubuhi, siku nzima hawakusumbuliwa sana na tumbo.

Mimi nikiyaweka haya pamoja naona jambo moja. Saa haichomi mafuta ya mwilini. Kazi yake ni kulinda kipimo. Anayekula vizuri mapema hamalizi siku akiwa na njaa ya kuvamia chungu, na aliyefunga jiko saa mbili usiku hana nafasi ya kuongeza chapati mbili saa nne akiangalia mpira. Lakini anayekula mara mbili tu kwa siku, kila mara akijaza kibakuli mara mbili, saa haitamsaidia kitu.

Anayekesha

Turudi ziwani. Mvuvi wa dagaa ni mfanyakazi wa zamu ya usiku, lakini zamu yake haipangwi na meneja. Inapangwa na mwezi. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na taa hufanya kazi vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haina wa kumvuta, na boti zinatulia ufukweni kwa siku kadhaa. Siku hizo mvuvi analala usiku kama watu wengine, anakula mchana kama watu wengine. Mwezi ukipungua, anageuza tena. Mwili wake unahamishwa kutoka usiku kwenda mchana na kurudi kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2024 uliongezeka mgeuko mwingine: serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na watu waliozoea kukesha wakajikuta miezi mitatu wako nyumbani.

Kuna jaribio moja linalowahusu watu kama hawa, japo lilifanyika mbali, Boston, na kuchapishwa mwaka 2021. Vijana 19 wenye afya walikesha maabara wakiiga kazi ya usiku. Kundi moja lilikula usiku na mchana kama wanavyofanya wakeshaji wengi. La pili lilikesha vilevile lakini likala mchana tu. Sukari ya damu ya kundi la kwanza baada ya kula ilipanda kwa asilimia 6.4. Ya kundi la pili haikupanda. Bila shaka vijana wale hawakuvuta nyavu, na maabara haina mawimbi. Mvuvi anayeambiwa akeshe na tumbo tupu atatukana, na atakuwa na haki.

Hata hivyo kuna cha kuchukua. Mlo mzito uliwe kabla ya kusukuma boti, kama ule wa mama lishe. Ziwani kiliwe kidogo chenye nguvu: dagaa wa kukaanga kavu, muhogo wa kuchemsha, uji. Shida kubwa ni asubuhi. Boti ikishafika na dagaa wakishauzwa, fedha iko mkononi, njaa iko tumboni, na usingizi uko machoni. Ndipo mtu anakula sahani mbili pamoja na soda, kisha analala saa tano mfululizo na chakula chote kimekaa juu ya moyo. Mlo huo ungepunguzwa nusu, na nusu nyingine ikasubiri mpaka aamke alasiri. Kwa walinzi wa usiku, manesi wa zamu na madereva wa magari ya mizigo yanayokesha barabara ya Kasulu, ambao nao wanakesha lakini wamekaa au hawabebi kitu kizito, ushauri huu una uzito zaidi kuliko kwa mvuvi. Wao ndio wanaonenepa.

Na hiyo soda. Chupa ya mililita 350 ya soda nyingi ina sukari kama gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai vilivyosawazishwa. Hakuna mtu Katonga anayetia vijiko tisa kwenye kikombe cha chai akiwa na akili timamu, lakini soda mbili kwa siku hakuna anayezihesabu kuwa ni chakula.

Kibakuli, sinia na robo lita

Kwenye kipimo ndipo penye kazi, na ndipo ushauri wa vitabuni unapokwama, kwa sababu unazungumzia sahani ya mtu mmoja. Sisi wengi tunakula kwenye sinia.

Sinia ina heshima yake na sitaki iondoke. Lakini kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Mwenye tonge kubwa na mkono mwepesi anamaliza upande wake na kuingia wa jirani. Mtoto na mama anayekuja mwisho wanapata pungufu. Mtu anaacha kula sinia inapokwisha, wala si anaposhiba. Namna nyepesi ya kurekebisha, ambayo haimvunjii mtu heshima, ni kugawa mboga na samaki kwenye vibakuli vya kila mtu, ugali ukabaki wa pamoja. Kitoweo kikiwa na kipimo, ugali nao unapata kipimo, maana hakuna anayependa kula ugali mkavu.

Kwa mama lishe kipimo kipo tayari, nacho ni kile kibakuli. Tatizo ni la kibiashara: mteja wa mwaloni anapima jiko kwa shibe. Akiona ugali umepungua, kesho anahamia kibanda cha jirani. Kwa hiyo asiyeenda ziwani ndiye anayetakiwa kufungua mdomo. Sema nusu. "Mama, nipe ugali nusu, mboga za majani ongeza." Bei itakuwa ileile, mara nyingine ataongeza kipande cha samaki kwa huruma, akidhani unaumwa. Habari ya huruma hiyo tutaifikia.

Ushauri wa kutumia sahani ndogo umezunguka sana duniani, na sehemu ya umaarufu wake ilitoka kwa profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Brian Wansink. Mwaka 2018 chuo chake kilimkuta na makosa ya kitaaluma, makala zake kadhaa zikafutwa, naye akajiuzulu. Wapo waliosema basi habari ya kipimo nayo ni uongo. Sivyo. Mwaka 2015 wachambuzi wengine, wasio yeye, walikusanya majaribio 72 ya watu mbalimbali na kukuta kwamba mtu akipewa kingi anakula kingi, hata kama hakuwa na njaa ya kingi. Bibi yeyote wa Ujiji angewaambia bila majaribio.

Sasa mawese, ambayo ndiyo siri ya chungu cha Kigoma. Mkoa huu ni nyumbani kwa michikichi. Mafuta yake mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, na dagaa bila mawese ni chakula cha wagonjwa. Silaumu mawese. Nataka tu tuyapime, maana yanamiminwa kutoka kwenye chupa ya maji iliyotumika, kwa jicho na kwa ukarimu. Chukua familia ya watu watano inayopika kisamvu kwa robo lita, kiasi ambacho si cha ajabu hata kidogo. Robo lita ni kama gramu 230 za mafuta. Ukigawa kwa watano, kila mtu amepata gramu 46, na gramu moja ya mafuta ni kalori tisa. Hizo ni kalori zaidi ya 400 kwa kila mmoja, kabla hajagusa ugali. Kwa unga wa muhogo, ni sawa na gramu 120 za unga mkavu, yaani karibu ugali mwingine kwa mtu asiyefanya kazi ngumu. Mtu huyu anaapa kwamba amepunguza ugali, na kweli amepunguza, lakini ugali wa pili ameunywa kwenye mchuzi.

Vijiko vikubwa viwili kwa kila mlaji vinatosha kuleta rangi na harufu. Wapishi wanaoanza kupima kwa kijiko hugundua jambo la pili: chupa ya mawese inachukua siku nyingi zaidi kuisha. Kwa bei za mafuta ya kula za miaka hii, hoja hiyo imewahi kumshawishi mwenye nyumba ambaye kisukari hakikumtisha.

Dagaa wenyewe ni baraka. Dagaa mkavu kwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, na protini hushibisha kwa muda mrefu kuliko wanga. Mtu anayeishi Katonga anayo karibu na mlango wake chakula ambacho watu wa miji mingine wanakinunua kwa bei ya kuruka. Akiweka dagaa wengi na ugali kidogo badala ya ugali mwingi na dagaa wa kupaka, amefanya nusu ya kazi.

Na kuna kiporo. Tunakidharau, tunakiona ni cha watoto wa shule na cha mwisho wa mwezi. Lakini yule mfalme anayetakiwa kula asubuhi, kwa wengi wetu, anakula maandazi manne na chai ya sukari nyingi, yaani wanga, mafuta na sukari, na saa nne ana njaa tena. Mama akipika ugali uleule wa jioni, akatoa theluthi moja na kuifunika kabla watu hawajaanza kula, asubuhi anao ugali wa kupasha moto kwa dagaa waliobaki. Mlo wa usiku umepungua, wa asubuhi umepata uzito, fedha haijaongezeka. Katika ushauri wote nilioutaja, huu ndio ninaouamini kuliko mwingine, kwa sababu haumtaki mtu abadilike tabia. Unamtaka atenge chakula kabla ya kukaa.

Futari ya Ujiji

Ujiji ni mji wa Waislamu wa siku nyingi, na kila mwaka mji mzima hubadilisha saa za kula kwa mwezi mmoja. Mtu angetegemea kwamba baada ya Ramadhani wote wawe wembamba. Tafiti nyingi zilizofanywa nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba wafungaji hupungua wastani wa takriban kilo moja, na kilo hiyo hurudi ndani ya wiki chache baada ya Idi. Wengine hawapungui kabisa. Kwa nini, kila mtu anajua: tende, uji wa sukari, sambusa, tambi, viazi, mihogo ya kukaanga, halafu saa tatu usiku daku ndogo kabla ya daku yenyewe. Saa za kula zimebanwa, kipimo kimefunguliwa. Sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huu kwamba saa bila kipimo haifiki mbali.

Wazee wanaofuturu kwa tende na maji, wakaenda kuswali Magharibi, ndipo wakarudi kula, wanafanya jambo la maana kwa mwili pia. Zile dakika chache zinatuliza njaa kabla ya sinia. Wasiofunga nao wanaweza kuiga: kunywa maji, kula tunda au mboga, kusubiri kidogo, kisha mlo.

"Umekonda, kuna nini?"

Kuna kikwazo ambacho hakimo kwenye vitabu vya lishe vya Ulaya. Huku kwetu anayenenepa anapongezwa na anayekonda anapewa pole. Kwa miaka mingi UKIMWI na kifua kikuu vilitufundisha kusoma mwili wa jirani, na mpaka leo mwanamke aliyepungua kilo sita kwa juhudi zake anaulizwa sokoni kwa sauti ya chini kama amepima. Mumewe anaulizwa kama amefilisika. Wapo waliorudia sahani ya zamani kwa sababu ya maneno hayo tu. Tajiri wa boti ana mzigo wa ziada: kitambi chake ndicho kinachowaambia wakopeshaji kwamba biashara inaenda.

Ndiyo maana kupungua polepole, nusu kilo au pungufu kwa wiki, ni salama kwa mwili na pia kwa jina la mtu. Majirani wanapata muda wa kuzoea. Kinyume chake ni zile chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa kwa kunong'onezana. Nyingi hazifanyi kingine ila kuharisha. Kinachotoka ni maji, na maji hurudi.

Wapo ambao hawatakiwi kucheza na saa za kula bila kuzungumza na mhudumu wa afya kwanza: wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari, ambao sukari inaweza kushuka ghafla; wajawazito na wanaonyonyesha; walio kwenye dawa za kifua kikuu au za kufubaza virusi; wenye vidonda vya tumbo. Na anayepungua bila kujua sababu, huyo asifurahi, aende akapimwe.

Hapo kwenye kupimwa ndipo nina ombi kwa Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji na kwa waganga wake. Huduma za kupima uzito, shinikizo la damu na sukari hutolewa asubuhi siku za kazi, saa ambazo mtu aliyekesha ziwani ndiyo kwanza amelala na mnunuzi wa dagaa ndiyo kwanza yuko katikati ya biashara. Ratiba hiyo haikuwekwa kwa ubaya. Imeandikwa kwa watu wa mchana. Lakini mbalamwezi inajulikana tarehe zake mwaka mzima mbele, na siku hizo wavuvi, matajiri na wachuuzi wote wako nchi kavu. Muuguzi mmoja, mizani moja, mashine ya shinikizo na vipimo vya sukari, vishushwe kwenye mialo ya Katonga na Kibirizi alasiri za mbalamwezi, mara moja kila mwezi. Dagaa wa mwalo huu hawaondoki bila kupandishwa mizani. Wenye dagaa nao wapandishwe.